Je, Wajua? Saratani ya Ubongo Inavyosakwa Kwenye Tone la Maji

Je, wajua kwamba ubongo wako unaelea? Umezungukwa na maji angavu yanayoshuka hadi chini ya mgongo. Mtu mzima huwa na takriban mililita 150 za maji hayo kwa wakati mmoja, hazifiki nusu ya chupa ya soda, lakini mwili hutengeneza karibu nusu lita kila siku. Yaani yote hubadilishwa mara tatu au nne kati ya alfajiri moja na nyingine. Mtoto mchanga ana mililita 50 hivi tu.

Je, wajua kwamba seli za uvimbe wa ubongo zikifa humwaga vipande vya vinasaba vyake ndani ya maji hayo? Kwa miaka mingi, kujua uvimbe ni wa aina gani kulihitaji kufungua fuvu, kukata kipande na kukipeleka maabara. Hospitalini kwetu wanaita kuchukua kinyama. Sasa wataalamu wanasaka habari zilezile kwenye maji ya mgongo, kwenye damu, hata kwenye mkojo, bila kuugusa uvimbe. Askari wa Hifadhi ya Mikumi hana haja ya kumwona simba ili ajue amepita. Nyayo na kinyesi vinamtosha.

Je, wajua kwamba nyayo hizo zilionwa zamani sana? Mwaka 1869 daktari Thomas Ashworth wa Australia aliitazama kwa hadubini damu ya marehemu mmoja aliyekuwa na saratani, akaona humo seli zinazofanana na za uvimbe wake. Mwaka 1948 Wafaransa Mandel na Métais wakaripoti kwamba damu ya binadamu ina vinasaba vinavyoelea peke yake, nje ya seli. Ilikuwa miaka mitano kabla Watson na Crick hawajachora umbo la vinasaba, na hakuna aliyeshtuka. Ripoti ikalala kabatini.

Je, wajua kwamba mmoja wa walioiamsha alikuwa akimtafuta mtoto wa tumboni? Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba damu ya mama mjamzito ina vinasaba vya mtoto aliyembeba. Lo alikuwa amesoma kwamba vinasaba vya saratani vimeonekana kwenye damu ya wagonjwa, akajiuliza: kama uvimbe unaweza, mtoto anashindwaje? Leo mamilioni ya wajawazito duniani hupimwa hivyo, sindano ya mkononi badala ya ile ndefu ya tumboni. Saratani ndiyo iliyotoa wazo, uzazi ukafika sokoni kwanza.

Je, wajua kwamba vipande hivyo ni vifupi mno? Kwa kawaida kila kimoja kina herufi 166 hivi, wakati kitabu kizima cha vinasaba vya binadamu kina herufi bilioni tatu. Na havidumu. Nusu yake huondoka kwenye damu ndani ya muda wa kati ya robo saa na saa mbili na nusu. Kwa hiyo kinachoonekana kwenye kichupa ni habari za leo, si za mwezi uliopita.

Je, wajua kwa nini damu ya mkononi haitoshi kwa uvimbe wa ubongo? Mwaka 1885 Mjerumani Paul Ehrlich aliwadunga wanyama rangi kwenye damu. Karibu viungo vyote vikageuka rangi, ubongo ukabaki mweupe. Kati ya damu na ubongo kuna ukuta, na ukuta unaozuia kuingia huzuia na kutoka. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2014, wa wagonjwa 640 wa saratani mbalimbali, uliukuta ukuta huo kazini: kwa saratani zilizokomaa za kongosho, utumbo mpana au titi, vinasaba vya uvimbe vilionekana kwenye damu ya zaidi ya robo tatu ya wagonjwa. Kwa glioma, kundi kubwa la uvimbe wa ubongo, walioonekana hawakufika asilimia 10.

Ndiyo maana sindano inakwenda mgongoni.

Je, wajua kwamba sindano ya mgongo ina zaidi ya miaka 130? Heinrich Quincke, Mjerumani, aliieleza mwaka 1891 alipokuwa akitafuta namna ya kupunguza shinikizo la maji kichwani. Utaratibu haujabadilika sana. Mtoto analazwa ubavu, muuguzi anamkunja magoti yaelekee kidevuni ili pingili za mgongo zifunguke. Daktari anapapasa mfupa wa nyonga, anahesabu, anachagua nafasi kati ya pingili ya tatu na ya nne za kiuno, au ya nne na ya tano. Sindano ikishapenya anachomoa waya wa ndani, na maji yanaanza kudondoka kwenye kichupa. Matone 20 ni mililita moja hivi. Yakiwa angavu, vyema. Yakiwa na ukungu, hapo kila mtu wodini anafikiria homa ya uti wa mgongo.

Na hapo kabla ya sindano ndipo mama huuliza: "Daktari, hiyo haitampooza mwanangu?" Hofu hii imeenea, na wapo wazazi wanaokataa kabisa. Jibu liko kwenye maumbile yenyewe. Uti wa mgongo huishia juu ya pale panapochomwa: kwa mtu mzima kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, kwa mtoto mchanga chini kidogo, kwenye ya tatu. Chini ya hapo ni maji na nyuzi za fahamu zinazoelea, ambazo husogea sindano inapoingia. Sifa mbaya ya sindano hii, kwa maoni yangu, imetokana zaidi na watoto waliochomwa wakiwa tayari mahututi.

Lakini je, wajua kwamba kuna wakati daktari mwenyewe ndiye anayepaswa kukataa? Uvimbe ukiziba njia ya maji, shinikizo hupanda ndani ya fuvu. Ukitoa maji kwa chini, ubongo unaweza kusukumwa kuelekea kwenye tundu la fuvu na kubana sehemu inayoendesha pumzi. Mtoto anaweza kufa kitandani. Kwa hiyo anayeshukiwa kuwa na uvimbe hupigwa kwanza picha ya CT au MRI, sindano baadaye. Wanaoinadi teknolojia hii kwamba ni tone tu la maji na kazi imekwisha, hili huliruka.

Je, wajua kwamba wilaya ya Kilosa ina kata iitwayo Ulaya? Iko kati ya Kilosa mjini na Mikumi, na anayetoka huko haendi popote kwa ndege. Tuseme mtoto wa Ulaya hiyo ameanza kutapika. Njia yake rasmi ni zahanati, kisha kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya pale Kilosa au Hospitali ya Mtakatifu Kizito pale Mikumi, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Morogoro, na mwisho Muhimbili, ambako Taasisi ya Mifupa (MOI) ndiyo hupasua ubongo. Tiba ya mionzi iko Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kutoka Mikumi hadi Dar es Salaam ni takriban kilometa 300 za lami. Kilometa si tatizo kubwa siku hizi. Tatizo ni wiki zinazoliwa kati ya ngazi ya kwanza na ya pili.

Wiki hizo huliwa hivi. Malaria hushukiwa kwanza, na haki yake, Kilosa ni nchi ya mbu. Kipimo cha haraka kikisoma hasi, hufuata minyoo, hufuata UTI, hufuata dawa ya kuzuia kutapika, hufuata mganga. Kinachopaswa kumshtua mzazi ni mtindo wa dalili: kichwa kuuma na kutapika alfajiri, kisha nafuu kadiri mchana unavyoingia, na kesho yake tena. Makengeza ambayo hayakuwapo. Kuyumba kwa mtoto aliyekwisha kujua kutembea. Shingo kulala upande mmoja. Degedege bila homa. Mwandiko kuharibika ghafla kwa mwanafunzi aliyekuwa akiandika vizuri. Kwa mtoto mchanga, kichwa kukua mbio kuliko mwili.

Je, wajua kwamba Uingereza nayo ilikuwa ikichelewa? Mwaka 2011 ilizinduliwa huko kampeni ya HeadSmart, iliyowagawia wazazi, walimu na madaktari orodha ya dalili kama hizo. Muda wa kati kutoka dalili ya kwanza hadi uvimbe kutambuliwa ulishuka kutoka wiki 9.1 hadi 6.7 ndani ya miaka miwili. Ni orodha iliyochapishwa tu, tena katika nchi yenye mashine zote.

Je, wajua kwamba Tanzania nayo imo kwenye utafiti wa kupima saratani za watoto kwa damu? Uvimbe unaopimwa ni mwingine, ule wa Burkitt, saratani ya tezi inayopenda mataya na matumbo ya watoto wa ukanda wetu wa joto na mbu. Mradi unaitwa AI-REAL. Umewaunganisha Chuo Kikuu cha Muhimbili, Hospitali ya Lacor ya Gulu kaskazini mwa Uganda, na Chuo Kikuu cha Oxford chini ya Profesa Anna Schuh. Damu ya mtoto hutafutwa vinasaba vya uvimbe pamoja na vya kirusi cha Epstein-Barr, ambacho hukaa ndani ya karibu kila uvimbe wa Burkitt wa Afrika, kisha majibu yanalinganishwa na ya kinyama. Hapa ukuta wa ubongo haupo njiani, ndiyo maana damu ya mkononi inafaa.

Haraka yote ya nini? Uvimbe wa Burkitt unaongoza kwa kasi ya kukua kati ya saratani za binadamu: seli zake huweza kuongezeka maradufu ndani ya saa 24 hadi 48. Mtoto akisubiri majibu ya kinyama kwa wiki kadhaa, anayerudi kuyapokea ni mtoto mwingine. Ukiwahiwa, huyeyuka kwa dawa kiasi cha kumshangaza mzazi. Na mara nyingine ugonjwa huu huvamia maji ya mgongo, kwa hiyo watoto wake huchomwa sindano ileile ya Quincke, maji yakitoka kwa ajili ya kipimo na dawa ikiingizwa kupitia tundu hilohilo.

Je, wajua kwamba Denis Burkitt mwenyewe aliivuka Tanganyika akiufuatilia uvimbe huu kwa gari? Alikuwa daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, mtu wa Ireland, na aliueleza kitaalamu mwaka 1958. Miezi ya mwisho ya 1961, Tanganyika ikijiandaa na uhuru wake, yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu la pauni 250 wakaenda hadi Afrika Kusini na kurudi, kama kilometa 16,000 kwa wiki kumi, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na kuonyesha picha: mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Ramani yao ikaonyesha kwamba ugonjwa unakwepa nyanda za juu zenye baridi. Utafiti wa kuuliza tu, na mpaka leo unafundishwa.

Je, wajua kwamba kirusi cha Epstein-Barr kilipatikana kwa sababu ndege ilichelewa? Anthony Epstein alikuwa akiletewa London vipande vya uvimbe kutoka Kampala. Desemba 1963 ndege moja ilikumbana na ukungu, ikageuzwa Manchester. Kichupa kilipomfikia jioni, maji yake yalikuwa yamechafuka. Badala ya kuyamwaga kwa kudhani yameoza, aliyatazama kwa hadubini: zilikuwa seli hai za uvimbe, zimejing'oa na zinaelea. Akabadili njia ya kuzikuza, akaziacha zielee. Mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Sampuli ya Afrika Mashariki, na jawabu likiwa kwenye majimaji.

Je, wajua kwamba tembo unaowaona dirishani mwa basi pale barabara ya TANZAM inapoikata Hifadhi ya Mikumi wana siri ya saratani? Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964, ina kilometa za mraba 3,230, na abiria wengi wa Mbeya na Iringa huiona hivyo hivyo, bure. Tembo ana seli nyingi mno kuliko mtu na anaishi miongo mingi, kwa hesabu angekufa kwa saratani mapema. Hafi. Uchambuzi wa mwaka 2015 ulikadiria kwamba tembo wanaokufa kwa saratani hawafiki asilimia 5, wakati binadamu ni kati ya 11 na 25. Jeni ya TP53, ile inayoiamuru seli iliyoharibika ijirekebishe au ijiue, binadamu anazo nakala mbili, moja kutoka kwa kila mzazi. Tembo anazo 40 hivi. Mmoja wa walioongoza kazi hiyo, Joshua Schiffman wa Utah, ni daktari wa saratani za watoto, na wagonjwa wake wengine ni familia zinazorithi TP53 mbovu. Katika familia hizo, uvimbe wa ubongo wa watoto ni jambo la kawaida.

Je, wajua kwamba katika nchi tajiri uvimbe wa ubongo ndio saratani inayoua watoto wengi zaidi? Saratani ya damu, yaani leukemia, ilikuwa ikiongoza. Nchini Marekani ilishapitwa kufikia mwaka 2014, kwa kuwa leukemia ilipata dawa na ubongo ukabaki nyuma.

Je, wajua kwamba kinachoitwa medulloblastoma, uvimbe mkali wa kisogoni ulioelezwa na Harvey Cushing na Percival Bailey mwaka 1925, ni magonjwa manne ndani ya jina moja? Kwa hadubini yanafanana. Kwa vinasaba yametengana kabisa, na mwaka 2012 wataalamu walikubaliana kuyahesabu manne. Kundi la WNT, kama asilimia 10 ya wagonjwa, hupona zaidi ya watoto 9 kati ya 10 likitibiwa ipasavyo. Kundi la tatu ndilo linaloogopesha. Tofauti hii ina uzito kwa sababu mionzi ya kichwa na mgongo mzima humgharimu mtoto akili na kimo. Anayeweza kupona kwa dozi ndogo asipewe kubwa.

Na hapa ndipo, kwa hukumu yangu, maji ya mgongo yanapolipa kuliko popote: baada ya matibabu. Mwaka 2021 watafiti wa hospitali ya St. Jude ya Memphis, Marekani, walichapisha matokeo ya watoto 123 wa medulloblastoma ambao maji yao yalikuwa yametunzwa hatua kwa hatua. Katika nusu ya wale ambao ugonjwa uliwarudia, vinasaba vya uvimbe vilionekana kwenye maji kabla MRI haijaona chochote. Nusu nyingine, kipimo hakikutangulia. Nusu si haba, lakini mtu asiuziwe kama uganga.

Hebu lipeleke hilo Mikumi. Mtoto aliyetibiwa uvimbe wa ubongo anatakiwa kupigwa MRI kila baada ya miezi michache, kwa miaka. Kila picha ni safari ya Dar es Salaam au Dodoma, nauli ya mama na mtoto, pa kulala, shamba lililoachwa wakati wa palizi. Akipata nafuu, ndipo safari hukatika, na ugonjwa unaporudi hakuna anayeangalia. Kipimo kinachoweza kuchukuliwa Morogoro na kichupa kikasafiri badala ya mgonjwa kingekuwa na maana zaidi huku kuliko Memphis.

Je, wajua kwamba kichupa kinaweza kusafiri? Damu iliyowekwa kwenye chupa ya kawaida ya kofia ya zambarau lazima izungushwe kwenye mashine ndani ya saa chache, la sivyo seli nyeupe hupasuka na kumwaga vinasaba vyake, vikafunika vile vichache vya uvimbe. Ziko chupa maalumu zenye dawa ya kuzuia mpasuko huo, na zinavumilia hadi siku 14, hata kwenye joto la nyuzi 37. Tatizo ni bei. Usafiri wenyewe Watanzania tumeshauzoea: matone ya damu kavu ya watoto waliozaliwa na mama wenye VVU yamekuwa yakisafirishwa kwenye kadi kwa miaka. Na tangu Julai 2024 treni ya umeme ya Dar es Salaam na Dodoma inasimama Kilosa.

Je, wajua kwamba binti wa Neil Armstrong alikufa kwa uvimbe wa ubongo? Karen alifariki Januari 1962, hajafikisha miaka mitatu, kwa uvimbe wa shina la ubongo. Baba yake alikanyaga mwezi mwaka 1969. Zaidi ya nusu karne baadaye uvimbe huo, DIPG, bado huua wengi ndani ya mwaka mmoja.

Umekaa mahali pa pumzi na mapigo ya moyo, haukatiki. Kwa miongo mingi madaktari waliona ni hatari hata kuuchukulia kinyama, wakatibu kwa kutazama picha. Mwaka 2012 ilijulikana kwamba sehemu kubwa ya uvimbe huu ina kosa lilelile la herufi moja kwenye jeni ya histoni, linaloandikwa H3K27M. Kosa moja linalojirudia ni rahisi kulisaka: utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulilipata kwenye majimaji ya asilimia 88 ya wagonjwa waliopimwa, hasa maji ya mgongo. Agosti 2025 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza kwa uvimbe wenye kosa hilo, dordaviprone, kwa walio na umri wa mwaka mmoja na zaidi ambao ugonjwa umewazidi. Haiponyi, lakini inafanya swali la "kosa lipo au halipo?" kuwa na faida.

Je, wajua kwamba kuna kipimo cha namna hii ambacho hospitali zetu kubwa zinaweza kukifanya hata leo, bila mashine ya kusoma vinasaba? Baadhi ya uvimbe unaoota katikati ya ubongo, utokanao na seli za uzazi zilizopotea njia mtoto alipokuwa tumboni, humwaga protini iitwayo AFP au homoni ileile inayopimwa kwenye kipimo cha mimba. Picha ikionyesha uvimbe mahali pake, na protini hizo zikiwa juu kwenye damu au maji ya mgongo, madaktari huanza tiba bila kufungua fuvu. Wamekuwa wakifanya hivyo kwa miongo. Sijui kwa nini habari hii haitangazwi kwa mbwembwe za teknolojia mpya.

Je, wajua kwamba mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilichagua saratani sita za watoto za kuanza nazo, na moja ni ya ubongo? Ni glioma ya daraja la chini, ile inayokua polepole. Lengo ni angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani wapone ifikapo 2030. Nchi tajiri wanapona zaidi ya 80. Burkitt nayo imo kwenye sita hizo.

Kejeli ni kwamba glioma hiyo ya polepole, yenye matumaini kuliko zote, ndiyo inayofichika zaidi kwenye maji. Seli zake hazifi kwa wingi, hivyo hazimwagi. Majibu yakirudi hayana kitu, hayamaanishi hakuna uvimbe, na mzazi anastahili kuambiwa hivyo kabla ya sindano, si baada.

Je, wajua kwamba mwaka 2018 wataalamu wa Heidelberg, Ujerumani, waliifundisha kompyuta kutofautisha aina 82 za uvimbe wa ubongo na mgongo kwa kutazama alama za kikemikali zilizobandikwa juu ya vinasaba? Walitumia sampuli 2,801. Walipoijaribu kwa wagonjwa wapya, hadi asilimia 12 walibadilishiwa jina la ugonjwa.

Je, wajua kwamba miaka mitano baadaye Waholanzi waliipeleka kazi hiyo ndani ya chumba cha upasuaji? Programu yao, Sturgeon, ilisoma kinyama wakati mgonjwa bado yuko mezani, majibu yakitoka ndani ya dakika 90. Kati ya upasuaji 25, ilitoa jibu sahihi kwa 18. Kwingine ilikiri haina uhakika. Mashine iliyosoma vinasaba ni ya aina inayochomekwa kwenye kompyuta, na ndogo yake kabisa ina uzito wa gramu 100 hivi, inaingia mfukoni mwa koti.

Je, wajua kwamba pale Muhimbili, shirika la Tumaini la Maisha linashirikiana na hospitali ili watoto wenye saratani watibiwe bila kulipa? Wazazi wengi wa Kilosa wasiothubutu kuondoka nyumbani huogopa bili kuliko ugonjwa. Hilo lingefaa kubandikwa ukutani kwenye kila zahanati, kuanzia Ulaya.

Je, wajua kwamba sampuli nzuri kuliko zote pengine inamwagwa? Mtoto ambaye uvimbe umemzibia njia ya maji huwekewa mrija wa kuyatoa kichwani, au hutobolewa njia mpya ndani ya ubongo, kazi iliyoipa sifa hospitali ya CURE ya Mbale, Uganda, chini ya Benjamin Warf kuanzia mwaka 2001. Katika upasuaji huo hatari ya sindano ya mgongo haipo, kwa kuwa daktari ameshafika penye shinikizo lenyewe, na maji ya jirani na uvimbe huweza kuwa na vipande vingi vya vinasaba kuliko ya kiunoni. Mililita chache hupelekwa maabara kutafutwa vijidudu. Yanayobaki huishia kwenye chupa ya mashine ya kufyonza.